Ngome ya Mgeni: Magofu ya Kale na Watu Walioyajenga

Kusini ya mto Katonga, katika wilaya ya Sembabule, kuna mahandaki makubwa ambayo wenyeji wa nchi ile huyaita Bigo bya Mugenyi, yaani ngome ya mgeni. Bonde la Katonga latoka Ziwa Victoria upande wa mashariki, likaelekea Ziwa George upande wa magharibi. Kwa hiyo mtu wa Kasese aweza kusema kwamba ngome ile na nyumba yake ziko katika njia moja ya maji. Tena nchi yenyewe, ambayo leo huitwa Mawogola, zamani sehemu yake ilijulikana kwa jina la Bwera. Bwera hiyo siyo hii ya mpakani karibu na Mpondwe, ingawa jina ni moja, na wasomaji wa vitabu vya historia hukosea mara nyingi kwa sababu hiyo.

Mahandaki ya Bigo yakiunganishwa yote, urefu wake wazidi kilomita 10. Mahali pengine kina chake chafika mita 4, na mahali pengine wachimbaji walipofika kwenye mwamba hawakugeuka, bali waliukata mwamba wenyewe. Hapana ukuta wa mawe, wala mnara, wala maandishi. Mtu apitaye pasipo kuambiwa aweza kudhani ni makorongo ya mvua. Lakini akilifuata handaki moja hata mwisho wake, atatambua kwamba kazi hii ilikuwa na mkubwa wa kuiamuru, na watu wengi wa kuitenda, na chakula kingi cha kuwalisha watu hao siku zote walizokuwa wakichimba.

Ni nani basi aliyeichimba? Masimulizi ya Bunyoro, Toro, Ankole na nchi za jirani yasema ni Bachwezi, watawala wa ajabu ambao walikuja, wakatawala muda mfupi, kisha wakatoweka wasionekane tena. Hata leo wako watu waendao Bigo kuwaomba Bachwezi watoto, mali na uzima, jambo ambalo Mwislamu hana haja nalo. Ama wasomi wa Kizungu walikuwa na masimulizi yao pia. John Hanning Speke, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1863, alidai kwamba wafalme wa nchi za maziwa walitokana na watu wa upande wa Uhabeshi, walio karibu zaidi na Wazungu kwa rangi na kwa akili kuliko raia zao. Waliomfuata waliikuza fikira hiyo, hata ikawa kila kitu kikubwa kilichoonekana katika Afrika lazima kiwe na bwana mgeni. Na hapa Bigo jina lenyewe liliwapa hoja, kwani si wenyeji wenyewe wasemao kwamba ni ngome ya mgeni?

Jina ni shahidi, lakini ni shahidi mmoja. Mwaka wa 1957 alikuja Peter Shinnie, na mwaka wa 1960 Merrick Posnansky, wote wawili mastadi wa akiolojia, yaani elimu ya kuchimbua mambo ya kale. Elimu hii kazi yake ni ya pole pole. Mchimbaji huondoa ardhi tabaka kwa tabaka, kama mtu afunuaye kurasa za kitabu kuanzia ya mwisho, kwani kilicho juu ni cha karibuni na kilicho chini ni cha zamani zaidi. Hatafuti dhahabu. Vigae, mifupa, majivu na mbegu zilizoungua humfaa zaidi, maana vitu hivi havikuwekwa na mtu kwa kujisifu. Mfalme aweza kuagiza habari zake zitungwe namna apendavyo. Lakini hakuna aagizaye namna ya kutupa taka zake.

Kilichoonekana Bigo hakikuwa cha ajabu, na hiyo ndiyo ajabu yake. Vigae vilikuwa vya vyungu vilivyotiwa nakshi kwa kamba iliyosokotwa na kubiringishwa juu ya udongo mbichi, ufinyanzi uleule uliokuwa ukifanywa katika nchi za maziwa kwa karne nyingi. Mifupa ilikuwa hasa ya ng'ombe. Hapakuwa na chombo kilichohitaji kuletwa na taifa jingine ili mahandaki yale yachimbwe. Wakati wake ulipopimwa ulionekana kuwa kati ya karne ya 14 na ya 16 Miladia.

Habari za Ntusi zina faida kubwa zaidi. Mahali hapo ni kama kilomita 13 kusini ya Bigo, na hapo palikuwa na mji wa kweli, ulioenea juu ya nchi ya hektari mia moja hivi, ukakaliwa tangu karne ya 11 hata karne ya 15. Alama yake ni vilima viwili ambavyo wenyeji huviita kimoja mume na kimoja mke. Vilipochimbwa na Andrew Reid katika miaka ya mwisho ya 1980 na kuendelea, vilionekana kuwa si vilima vya Mungu bali ni majaa: taka za jikoni za watu wa Ntusi, zilizotupwa mahali pamoja mwaka baada ya mwaka hata zikawa mlima. Ndani yake mlikuwa na mifupa mingi ya ng'ombe wachanga, na mtu hachinji ndama wengi hivyo isipokuwa ana ng'ombe wengi. Lakini mlikuwa na mawe ya kusagia pia, na visu vya chuma vilivyopinda vya kuvunia nafaka, na mashimo ya kuwekea akiba. Kwa muda mrefu watu waliambiwa kwamba katika nchi hizi mfugaji alikuwa bwana na mkulima mtumwa wake, na kwamba hao ni mataifa mawili yasiyolingana. Jaa la Ntusi halikuwatenga. Uji na nyama vilitoka katika mji mmoja.

Qurani Tukufu, katika Sura ya Rum, aya ya 9, yawauliza wanaokanusha kama hawakutembea katika ardhi wakaona mwisho wa waliowatangulia, ambao walikuwa na nguvu zaidi, wakailima ardhi na kuistawisha kuliko wao. Hapa kulima na kustawisha vimetajwa pamoja na nguvu. Mara nyingi aya hii husomwa kwa kutazama maangamizo peke yake, na hilo ni kweli. Ila mtu hawezi kuutazama mwisho wa kaumu asipoitazama kazi yao kwanza.

Katika majaa ya Ntusi zilipatikana vilevile shanga chache za kioo na kauri za baharini. Ni vitu vidogo mno, vyote vyaweza kutiwa katika kiganja kimoja, lakini Ntusi na bahari ni mbali sana kwa mwendo wa miguu. Hatuna haja ya kufikiri kwamba mtu mmoja alizileta kutoka pwani hata Katonga. Yaelekea zilipita mkono kwa mkono, soko kwa soko. Waganda hata leo fedha huziita ensimbi, na simbi ni kauri. Wapo wengi wazitumiao kila siku wasiokumbuka kwamba jina hilo lilitoka baharini.

Basi na tuzifuate shanga hizo mpaka zilikotoka, kwani huko pwani swali ni lilelile la mgeni na mwenyeji, na lawagusa Waislamu zaidi. Mara ngapi Mwislamu wa Uganda ameambiwa kwamba dini yake ni ya Waarabu, imekuja juzi na misafara ya pembe, na kwamba yeye ameivaa kama kanzu ya kuazima? Ni kweli kwamba Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka wa 1844, na wengi huhesabu Uislamu wa Uganda tangu siku hiyo. Lakini Uislamu wa Afrika ya Mashariki haukuanzia hapo.

Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, kuna magofu ya mji uitwao Shanga. Mark Horton alichimba huko kati ya mwaka 1980 na 1988. Msikiti wa Ijumaa wa mji huo ulijengwa kwa mawe karibu na mwaka 1000. Alipochimba chini yake alikuta msingi wa msikiti mwingine; chini ya huo mwingine tena, wa miti na udongo; na hivyo hivyo mpaka akafika kwenye msikiti mdogo kabisa wa mwisho wa karne ya 8, yaani karne ya pili ya Hijra. Haukuwa na mawe. Uliojulikana ni mashimo ya nguzo tu, yaliyobaki kama madoa katika mchanga, pamoja na upande ulioelekea. Kila kizazi kilibomoa cha baba zake kikajenga kikubwa zaidi palepale. Na waliosali humo walipikia vyungu gani? Walipikia vyungu vya aina ileile iliyotumika bara, nyuma ya pwani ile. Sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu nazo zilipatikana. Hawa hawakuwa Waarabu waliopiga kambi wakingoja upepo wa kurudi kwao. Walikuwa watu wa mji ule, wakimsujudia Mwenyezi Mungu katika kibanda cha miti.

Kilwa nayo ina tarikhi yake iliyoandikwa, isemayo kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo, nguo nyingi za kukizunguka chote. Neville Chittick, aliyechimba huko katika miaka ya 1960, alikuta chini ya majengo ya masultani mji mdogo zaidi, wa wavuvi na wahunzi, uliokuwako tangu karne ya 9. Kwa hiyo hata tarikhi ikiwa kweli, muuzaji alikuwako. Yeye habari zake ni sentensi moja tu katika kitabu. Habari za mnunuzi zimejaa kurasa.

Jambo hili lilitiwa muhuri mwaka wa 2023, wataalamu walipochapisha uchunguzi wa nasaba ya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Waliichunguza ile asili ambayo kila mtu huirithi kwa wazazi wake ikabaki hata katika mifupa. Ilionekana kwamba kwa upande wa mama karibu wote walitoka Afrika, na kwa upande wa baba wengi walitoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Waliosema Shirazi ni hadithi tupu walikosea. Na waliosema miji ilijengwa na Washirazi peke yao walikosea zaidi, kwani mama zao walikuwa wapi? Tena msikiti wa kwanza wa Shanga ulikwisha kujengwa miaka mia mbili kabla ya kuchanganyika huko.

Ni wajibu kusema neno juu ya makaburi. Sheria yetu yamheshimu maiti kama aliye hai, na kuuvunja mfupa wake kwa dharau ni dhambi. Elimu hii isifanywe kwa kuyavamia makaburi ya Waislamu bila idhini ya watu wake, na ikifanywa, mifupa irudishwe ardhini kwa adabu. Mashimo ya nguzo za Shanga yalitoa ushahidi mkubwa bila kumsumbua maiti yeyote.

Asidhani mtu kwamba habari ya mgeni na mwenyeji ni ugomvi wa vitabu tu. Huko Zimbabwe Kuu ukuta wa mawe umesimama, mahali pengine kimo cha mita 11, umejengwa pasipo chokaa. Karl Mauch, Mjerumani aliyefika mwaka wa 1871, alikata kibanzi cha mti wa mlango, akakinusa, akaona chafanana na kalamu yake, akahukumu kwamba ni mwerezi wa Lebanon na kwamba hilo ndilo jumba la Malkia Bilkis. Mwaka wa 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema ni kazi ya Waafrika. Mwaka wa 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba akasema vilevile. Hata hivyo walowezi waliokuwa wakiitawala nchi hawakutaka kusikia, na Peter Garlake, mtunzaji wa magofu aliyeusema ukweli huo wazi, alilazimika kuihama nchi mwaka wa 1970. Watu hawagombani hivyo juu ya mawe. Walijua kwamba aliyejenga nchi ana haki nayo. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka wa 1980 ilijiita kwa jina la magofu yale. Na ukweli usemwe: wako Waislamu pia waliofurahia hadithi ya Bilkis, wakidhani kuwa fahari ya Nabii Suleiman (a.s.) yahitaji mawe ya watu wengine.

Sasa turudi Kasese, tuangalie chumvi. Upande wa kaskazini, kwenye Ziwa Albert, kiko kijiji cha Kibiro, ambako wanawake huchuja udongo wenye chumvi na kuyachemsha maji yake. Graham Connah alichimba hapo mwaka wa 1989 na 1990, akashuka zaidi ya mita 3 katika majivu na vigae, akaona kwamba kazi hiyo imefanywa hapo kwa miaka mia saba au zaidi. Hakuna gofu la jumba Kibiro. Lililobaki ni jaa na ujuzi, na ujuzi ungali hai mikononi mwa wanawake.

Katwe gofu lipo. Ziwa la Katwe limetoa chumvi kwa Toro, Ankole na Buganda tangu zamani, na wafalme walilipigania. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kujenga hapo kiwanda kikubwa kwa mafundi wa kutoka Ujerumani Magharibi. Kilipoanza kazi, maji ya ziwa, ambayo si ya chumvi ya kula peke yake bali yana magadi na mengineyo, yaliyala mabomba ya chuma kwa muda mfupi, na kiwanda kikasimama. Pembeni yake wanaume wakaendelea kuvunja mawe ya chumvi ndani ya ziwa, na wanawake wakaendelea na vidimbwi vyao vilivyozungushiwa kingo za udongo na miti. Hawa walijua siku zote maji yale hula nini na hayali nini. Mchimbaji atakayekuja baada ya miaka mia tano atakuta chuma kilichooza na kingo za udongo mahali pamoja, na yamkini atauliza ni kipi kilikuwa cha mgeni. Lakini kipi kilifanya kazi hatahitaji kuuliza.

Miji hufa pia, na sababu zake mara nyingi ni za kawaida. Gedi, karibu na Malindi, una kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na nje ya msikiti wake mkuu kuna kisima ambacho watu walizidi kukichimba kwenda chini kwa kuwa maji yalikuwa yakiwakimbia. Mji ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Asomaye Sura ya Hajj, mahali palipotajwa kisima kilichoachwa na kasri iliyoinuliwa, na asimame kwenye kisima hicho. Kasese maji hayakimbii, huja yote kwa pamoja: mto Nyamwamba ulifurika mwaka wa 2013, ukafurika tena mwaka wa 2020 ukaibomoa hospitali ya Kilembe. Nyumba zinaendelea kujengwa ukingoni.

Waislamu wa Kasese na Bwera nao ni mchanganyiko wa wageni na wenyeji. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome Katwe akaiita Fort George, na katika askari waliowekwa kwenye ngome za Toro walikuwamo Wasudani Waislamu, ambao vizazi vyao huitwa Wanubi. Reli ilipofika Kasese mwaka wa 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, walikuja wafanyakazi wa kila kabila. Kutoka Kongo walivuka wafanyabiashara wasemao Kiswahili. Na Bakonzo waliosilimu hawakuja kutoka popote. Milima ya Rwenzori ni yao. Ukiuliza ni nani aliyeleta dini, utapewa majina ya waliokuja. Ukiuliza ni nani aliyetoa kiwanja cha msikiti, aliyekata miti, aliyekanda udongo, aliyechota maji, mara nyingi utanyamaziwa.

Misikiti ile ya udongo inabomolewa, nayo mizuri zaidi inajengwa mahali pake, kama ilivyofanywa Shanga. Wala hilo si baya. Ila kabla nguzo hazijang'olewa, jumuiya yaweza kupima urefu na upana, kupiga picha, kuandika mwaka, na kuwaketisha wazee, wanaume na wanawake, wataje majina: ya mwenye shamba aliyelitoa wakfu, ya imamu wa kwanza, na ya wale waliobeba maji ya kukandia udongo. Daftari moja latosha kwa kila msikiti, likiwekwa mahali pasipovuja. Wazee waliowaona wajenzi kwa macho yao hawajesha wote.